Tumbo linalokua kwa wagonjwa wa tezi za adrenali



Wapenzi wasomaji, juma hili safu yetu ya afya ya nyumbani imechagua jambo ambalo aghalabu husemwa kwa minong'ono. Mwanamke ameugua mwaka mzima. Amekonda hata mifupa ya mabega imechomoza, viganja na fizi zimeingia weusi usiokuwa wake, na kila akisimama huona kizunguzungu. Hatimaye hospitali inagundua kuwa tezi zake za adrenali hazifanyi kazi. Anaanzishwa vidonge, na baada ya miezi michache ameinuka: chakula kinapita, nguvu zimerejea, jamaa wanamshukuru Mola. Lakini mwili haukomi pale ulipotarajiwa kukoma. Uso unaanza kuviringana, tumbo linatangulia mbele, na mikono na miguu inabaki myembamba vilevile.

Hapo maneno huanza. Wako wanaosema, "Kanawiri, maisha yamemkubali." Wako wanaosema hana mpaka mbele ya sinia. Yeye mwenyewe, akiwa katikati ya sifa asiyoitaka na lawama asiyoistahili, hufikia uamuzi wa siri: anapunguza vidonge kidogo kidogo, kisha anaviacha kabisa. Ni uamuzi huo wa siri uliotufanya tuandike, kwa sababu tumbo hilo lina hatari zake, na kuviacha vidonge kuna hatari kubwa zaidi, tena ya haraka.

Kwanza tuzifahamu tezi zenyewe. Juu ya kila figo pana tezi ndogo iliyokaa mfano wa kofia, uzito wake gramu 4 au 5 hivi. Tezi hizi mbili hutengeneza homoni kadhaa, na iliyo muhimu kwa mazungumzo yetu ni kotisoli. Kotisoli ndiyo inayouamsha mwili alfajiri, ndiyo inayoilinda sukari ya damu tunapokaa muda mrefu bila kula, na ndiyo inayoshikilia shinikizo la damu tunapopatwa na homa, jeraha au msiba. Haitoki kwa kipimo kimoja mchana na usiku. Hupanda karibu na wakati wa kuamka, ikashuka taratibu kutwa nzima, na usiku wa manane ikawa chini kabisa. Msomaji auweke mwendo huu wa saa moyoni, maana tutaurudia.

Mwaka 1855 tabibu Thomas Addison wa hospitali ya Guy's, London, alieleza ugonjwa wa watu ambao tezi zao zimeharibika, na baadhi ya wale aliowaeleza tezi zao zilikuwa zimeliwa na kifua kikuu. Katika nchi zetu kifua kikuu kingali miongoni mwa sababu, ingawa katika nchi nyingine sababu kubwa siku hizi ni kinga ya mwili kuzishambulia tezi zenyewe. Hadi kufikia miaka ya 1940, aliyepatwa na maradhi haya hakuwa na umri mrefu. Mlango ulifunguka baada ya homoni za tezi hizi kutengwa. Mwaka 1948 daktari Philip Hench wa Mayo Clinic, Marekani, aliwapa kotisoni wagonjwa wa baridi yabisi, na mwaka 1950 yeye pamoja na wanakemia Edward Kendall na Tadeus Reichstein walitunukiwa tuzo ya Nobel. Kutokana na kazi hiyo wagonjwa wa Addison walipata dawa ya kuwarudishia kile ambacho miili yao imeshindwa kukitengeneza.

Tunaposema "wagonjwa wa adrenali" hatuwakusudii hao peke yao. Wamo kina mama waliotokwa na damu nyingi mno wakati wa kujifungua, hata ile tezi iliyo chini ya ubongo inayozipa amri tezi za adrenali ikafa kwa kukosa damu. Mama wa namna hii hukosa maziwa ya kumnyonyesha mwanawe, hedhi haimrudii, na uchovu humwandama miaka bila ya mtu kuunganisha mambo. Wamo watoto waliozaliwa na hitilafu ya kutengeneza kotisoli, ambao watatumia dawa maisha yao yote. Na liko kundi kubwa kuliko yote hayo: watu waliomeza prednisoloni kwa miezi au miaka kwa ajili ya pumu, baridi yabisi, lupasi au maradhi ya figo, tezi zao zikalala kwa kuona kazi yao inafanywa na kidonge. Kinyume chao ni wale ambao tezi zao hutoa kotisoli kupita kiasi zenyewe, maradhi yanayobeba jina la mpasuaji wa Marekani, Harvey Cushing, aliyeyaeleza kwa kina mwaka 1932.

Makundi haya yanatofautiana kwa asili, ila yanakutana mahali pamoja: kiunoni.

Sababu ya kukutana hapo ni tabia ya kotisoli. Mafuta ya mwili hayafanani. Yako yaliyo chini ya ngozi, kwenye nyonga, mapaja na makalio, ambayo tunaweza kuyabana kwa vidole. Na yako yaliyojificha ndani, yaliyozunguka utumbo na ini, pamoja na ule utando wa shahamu unaoning'inia mbele ya matumbo. Kila aliyepasua mbuzi wa Idi anaufahamu. Mwaka 1947 daktari Jean Vague wa Marseille, Ufaransa, alitanguliza hoja kwamba mahali mafuta yanapokaa kuna uzito kuliko wingi wake, na kwamba mafuta ya sehemu ya juu ya mwili na tumboni ndiyo yanayofuatana na kisukari na maradhi ya mishipa. Wakati ule wengi hawakumjali. Leo ndiyo elimu inayofundishwa.

Kotisoli inapozidi, huyahamisha mafuta. Hupunguza misuli ya mikono na mapaja, ikaigeuza kuwa sukari, na ikisaidiana na insulini hujaza shahamu ya ndani ya tumbo, kwa kuwa shahamu hiyo ina vipokezi vingi vya kotisoli kuliko ile ya chini ya ngozi. Kuna na jambo la ajabu zaidi. Mwaka 1997 watafiti wa Birmingham, Uingereza, walionyesha kuwa shahamu ya tumbo ina kimeng'enya kinachoweza kuichukua kotisoni iliyolala na kuiamsha iwe kotisoli palepale. Kwa maneno mengine, tumbo lenye shahamu hujitengenezea kotisoli ya ziada kwa matumizi yake. Ndiyo maana mgonjwa anaweza kupimwa damu ikaonekana haina tatizo kubwa, na tumbo likaendelea kukua.

Shahamu hii haikai kimya. Sehemu ya damu inayotoka humo huingia moja kwa moja kwenye ini kabla ya kuzunguka mwilini, ikiwa imebeba mafuta yaliyoyeyuka. Ini likielemewa hutoa sukari na mafuta kupita kiasi, na insulini huanza kupuuzwa na mwili. Basi vitu vitano hufuatana kama ndugu: kiuno kipana, presha ya juu, sukari ya juu, mafuta mabaya ya damu yanayoitwa triglisiraidi kupanda, na kolesteroli njema kushuka. Madaktari huuita mkusanyiko huu sindromu ya umetaboli, na mtu huhesabiwa kuwa nayo akiwa na vitatu kati ya hivyo vitano. Mipaka inayotumika kimataifa ni hii: presha ya 130 juu au 85 chini na kuendelea, sukari ya asubuhi kabla ya kula kuanzia milimoli 5.6 kwa lita, triglisiraidi kuanzia 1.7, na kolesteroli njema chini ya 1.3 kwa mwanamke au 1.0 kwa mwanamume. Kiuno cha mwanamke huanza kutiliwa shaka kikifika sentimita 80. Kwa mwanamume ni 94, na kwa wenye asili ya Kihindi ni 90, jambo linalowahusu jamaa zetu wengi wa mwambao.

Mtu anaweza kuuliza: hayo si maradhi ya wenye kula na kulala tu? La. Mwaka 2006 ulichapishwa uchunguzi wa Uswidi wa wagonjwa wa Addison 1,675, wote wakiwa katika nchi yenye dawa na hospitali za kutosha, na ikaonekana kwamba vifo miongoni mwao vilikuwa zaidi ya mara mbili ya vile vya watu wengine, maradhi ya moyo na mishipa yakiwa kati ya sababu zake. Hatulisemi hili kumtia mtu hofu. Tunalisema kwa kuwa mgonjwa wa adrenali mara nyingi huambiwa jambo moja tu, "usikose dawa," na hilo ni kweli tupu. Lakini yako maswali mengine ambayo mgonjwa ana haki ya kuyauliza, nayo ni kuhusu kiasi cha dawa na saa ya kuimeza.

Kwa miaka mingi kipimo cha kawaida kilikuwa miligramu 30 za haidrokotisoni kwa siku, na wengine walipewa zaidi. Baadaye ilipopimwa kwa makini ikadhihirika kuwa mwili wenye afya hutengeneza kotisoli kidogo kuliko ilivyodhaniwa, na miongozo ya leo kwa mtu mzima inasema miligramu 15 hadi 25, zikigawanywa mara mbili au tatu. Ukipewa prednisoloni badala yake, miligramu 3 hadi 5 kwa siku ndizo zinazotajwa kwa aliyekosa kotisoli yake mwenyewe. Tofauti ya miligramu chache yaonekana ndogo machoni, ila mtu huimeza kila siku kwa miaka ishirini. Mgonjwa aliyeanzishwa dawa zamani na hajawahi kupitiwa upya kipimo chake anastahili kupitiwa.

Saa nayo ina neno lake. Tulisema kotisoli ya asili hupanda alfajiri na kulala usiku. Kidonge kinachomezwa baada ya Isha huamsha mwili wakati ambao ungepaswa kupumzika. Sukari hupanda, usingizi hukimbia, na njaa ya usiku wa manane hufungua kabati la biskuti. Nusu au zaidi ya dawa ya siku humezwa asubuhi mtu anapoamka, na ya mwisho kwa kawaida isivuke jioni ya mapema. Nchini Uswidi tena, mwaka 2012, wagonjwa 64 walijaribiwa kidonge kinachotoa dawa polepole kwa kufuata mwendo wa mchana. Katika majuma 12 uzito na presha vilishuka kidogo kuliko walipotumia vidonge vya kawaida mara tatu kwa siku. Dawa hiyo ni ghali na si rahisi kuipata kwetu. Kilicho ndani ya uwezo wetu ni kuzitunza saa za vidonge tulivyonavyo.

Kuna mlango mwingine wa ziada ambao hauonekani, nao ni dozi ya homa. Mgonjwa wa adrenali hufundishwa kuongeza dawa mara mbili au tatu anapopata homa, na hii ni kanuni ya kuokoa maisha, haina mjadala. Tatizo huja homa inapoondoka. Malaria imepona, wiki mbili zimepita, na vidonge vingali viwili viwili kwa sababu hakuna aliyesema "rudi sasa." Hufanyika hivyo kwa mafua, kwa jino, kwa msiba, kwa harusi, na mwisho wa mwaka kipimo cha dharura kimekuwa kipimo cha kila siku. Tunashauri siku ya kuongeza na siku ya kurudi ziandikwe kwenye daftari la kliniki, kwa kalamu. Vivyo hivyo kwa anayetibiwa kifua kikuu: rifampisini huiharakisha kotisoli kutoka mwilini, hivyo daktari hupandisha kipimo; matibabu yakiisha, mtu akumbuke kuuliza kuhusu kukishusha. Na kinyume chake, baadhi ya dawa za virusi vya Ukimwi, hasa zenye ritonaviri, huzuia steroidi kutoka, hata ile ya kuvuta ya pumu au sindano ya goti ikajikusanya mwilini. Dawa zote atajiwe daktari bila haya.

Hapa hatuna budi kusema waziwazi jambo ambalo limeingia majumbani mwetu. Vinauzwa vidonge "vya kunenepesha," vikiwa vimefungwa kwenye karatasi au mfuko wa plastiki usio na jina, na wanunuzi wake ni wasichana wanaokaribia harusi au wake wapya walioambiwa ni wembamba mno. Mara nyingi ndani yake mna deksamethasoni. Kwa kipimo, miligramu 0.75 za deksamethasoni hufanya kazi ya miligramu 20 za haidrokotisoni, basi hata kidonge kidogo cha nusu miligramu kinakaribia kazi ya tezi nzima kwa siku moja; na vidonge hivi humezwa viwili, vitatu, kwa miezi. Mashavu hujaa, mwili huonekana umeumuka, na watu husifu. Kilichoongezeka ni maji na shahamu ya tumbo, na chini yake tezi zimelala. Bibi harusi akiviacha ghafla baada ya fungate, anaweza kuanguka kwa kutapika, presha ikashuka na fahamu zikampotea, na nyumba nzima ikadhani ni husuda.

Mafuta ya kung'arisha ngozi yana habari hiyohiyo. Mengi yana klobetasoli au betamethasoni, steroidi zenye nguvu, ambazo zikipakwa mwili mzima kila siku hupenya ngozi mpaka kwenye damu. Kuna wanawake wenye tumbo, presha na michirizi ya zambarau ambao hawajawahi kumeza kidonge hata kimoja, walipaka tu. Sisi hatuoni tofauti kubwa kati ya anayeuza vitu hivi bila ya kueleza kilichomo na anayeuza sumu. Mama anayeoza binti, au khalati na somo wanaomwandaa, wana nafasi ya kuulizia kilicho ndani ya kopo kabla ya siku ya singo. Na aliyekwisha kutumia kwa muda asiache siku moja. Aende hospitali na kopo lake mkononi, apunguziwe kwa utaratibu.

Hilo la kutoacha ghafla tulirudie kwa wote. Mtu ambaye tezi zake hazifanyi kazi, akikosa dawa siku chache, au akitapika asiweze kuiweka tumboni, huingia katika hali ya hatari: kutapika, maumivu ya tumbo, udhaifu wa kutosimama, presha kuporomoka. Dawa yake ni sindano ya haidrokotisoni miligramu 100 na maji ya mshipa, tena mara moja. Hakuna kitambi kinachostahili kulipiwa kwa hayo. Asiyependa mwili wake ulivyokuwa apeleke malalamiko hayo kwa daktari, ayataje kama maradhi mengine yanavyotajwa, na daktari akimjibu kwa mzaha, atafute mwingine.

Aende akiwa na vipimo. Mizani peke yake hudanganya, kwani mapaja yakipungua na tumbo likiongezeka, kilo zinaweza kubaki zilezile. Chombo bora ni futi ya kamba ya fundi wa nguo. Ivuke kwenye ngozi, si juu ya dera, katikati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga, mtu akiwa amesimama na ametoa pumzi ya kawaida. Asivute tumbo ndani, maana hapo atakuwa anajidanganya mwenyewe chumbani pake. Mara moja kwa mwezi inatosha. Kipimo cha pili hakihitaji chombo. Kaa juu ya mbuzi ya kukunia nazi, kisha uinuke bila kushika chochote. Aliyekuwa akiinuka kwa wepesi mwaka jana, na leo hawezi bila ya kushika ukuta, au huweka mikono chini ili ainuke kutoka sijda, huenda misuli ya mapaja yake inaliwa na dawa iliyozidi. Tumbo kupanuka pamoja na mapaja kudhoofu ni dalili ambayo daktari hataipuuza akielezwa hivyo kwa pamoja. Michirizi mipana ya zambarau na ngozi inayopata alama kwa kuguswa kidogo zitajwe pia. Presha na sukari zipimwe angalau kila mwaka, pamoja na mafuta ya damu panapowezekana.

Kuhusu chakula tuna maneno machache tu, kwa kuwa wasomaji wetu wamechoshwa na orodha za makatazo. Kotisoli ikizidi humvuta mtu kwenye wanga na utamu, na chakula chetu cha mwambao kinakidhi mvuto huo kwa ukarimu: mahamri kwa chai ya maziwa asubuhi, wali wa nazi mchana, kaimati na vitumbua jioni. Hatusemi viondoke. Tunasema samaki aongezwe na wali upunguzwe katika sahani ileile. Mbaazi na kunde zina protini ya kusaidia misuli inayoliwa. Mchicha na mnavu visiwe pambo la pembeni. Sukari ya chai, ambayo watu huinywa vikombe vinne au vitano kwa siku, ndiyo ya kwanza kuguswa. Ila chumvi ina hukumu yake. Mgonjwa wa Addison hupoteza chumvi kwa mkojo na huihitaji. Jirani mwenye presha akimwambia aiache kama alivyoiacha yeye, anaweza kumdhuru. Akiwa na presha, daktari hutazama kwanza kipimo cha fludrokotisoni, ile dawa ya kuhifadhi chumvi.

Mwendo wa miguu husaidia kuipunguza shahamu ya ndani hata mizani isiposhuka, na husaidia insulini kusikilizwa. Kina mama wengi wa mji hukosa mahali pa kutembea wakiwa na stara na amani. Watatu au wanne wakikubaliana kutembea pamoja pwani au mtaani baada ya Alfajiri au kabla ya Magharibi, jambo huwa jepesi. Kuinuka na kukaa kitini mara kumi, asubuhi na jioni, hujenga mapaja bila ya kutoka nje. Anayetumia dawa hizi asifanye zoezi zito akiwa hajala wala hajameza kidonge chake.

Limebaki suala la Ramadhani, maana ndilo linaloulizwa zaidi. Mgonjwa ambaye tezi zake hazifanyi kazi huweza kupatwa na upungufu wa maji na kushuka kwa sukari mchana, na joto letu halisaidii. Ruhusa ya mgonjwa imo katika Suratul-Baqara, aya ya 184 na 185, na wanazuoni wameieleza. Haikuwekwa ili watu waione haya. Mwenye ugonjwa huu amwone daktari mwezi mmoja au miwili kabla. Wengine hushauriwa wasifunge kabisa. Wengine, ambao hali yao imetulia, hubadilishiwa dawa ikawa prednisoloni inayomezwa wakati wa daku kwa kuwa hukaa mwilini muda mrefu zaidi, na hufundishwa dalili za kufungua mara moja. Asiye na ushauri huo asijaribu. Na upande wa tumbo, tuseme tu kwamba usiku wa Ramadhani wenye dawa iliyosogezwa mpaka saa za kulala, pamoja na sambusa, tambi za sukari na usingizi baada ya daku, huongeza kiuno kuliko miezi mingine yote. Ni vyema futi ile ipite kabla ya mwezi na baada ya Idi.

Kwa waume na mama wakwe wanaosoma ukurasa huu: maneno ya "umenenepa siku hizi," hata yakisemwa kwa mapenzi, ndiyo yanayompeleka mgonjwa wa namna hii kuficha vidonge. Mwulizeni badala yake kama amemeza dawa ya asubuhi, na kama iko ya akiba ya safari. Anayevuka kwa feri au kwenda bara abebe vidonge mkononi, visikae kwenye begi la chini ya basi, pamoja na karatasi iliyoandikwa kwa herufi kubwa kuwa anatumia steroidi na kwamba akizimia apewe haidrokotisoni.

Juma lijalo, inshallah, tutazungumzia mifupa, kwa kuwa dawa hizi huigusa nayo, na wengi wametuuliza kama dagaa na jua la asubuhi vinatosha.